Udongo wa Kichuguu cha Miti

Bukavu, tarehe 11 mwezi wa tatu, 1956

Mke wangu Apolline,

Pokea salamu zangu, wewe na wazazi na wote wa Miti. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua, ulilalamika hata siku ya ndoa yetu.

Leo ni Jumapili. Wazungu wa Serkle, klabu yao ya michezo, wako misani, nami nimekaa kwenye benchi kando ya tereni ya tenisi, karatasi juu ya magoti. Ukungu haujaondoka ziwani. Asubuhi za namna hii huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na uwanja huu mwekundu unaonekana kama mkeka ambao mtu ameutandika hewani akasahau kuukunja. Napita juu yake na ufagio nikiwa nusu usingizini. Kabla ya kufagia nasoma nyayo za jana. Bwana Sekretere, mkubwa wetu wa Serkle, anaburuta mguu wa kuume. Mke wa daktari anaruka pale pale kama mbuzi aliyefungwa. Nikishazisoma nazifuta zote, nanyunyiza maji, napitisha rulo, lile pipa zito la kushindilia udongo, nachora mistari ya chokaa kwa kamba. Jioni wanaziandika tena. Miaka minne sasa kazi yangu ni kufuta nyayo za watu, na bado naipenda, usimwambie mtu.

Nyumba yetu ya Kadutu imekuwa kubwa mno. Tangu mwezi wa kwanza, tangu mtoto wetu alipozaliwa bila kulia, umebaki kwa wazazi wako. Sikulaumu. Mwanamke aliyepatwa na jambo kama lile hukaa kwa mama yake mpaka nguvu zirudi. Lakini miezi miwili imepita. Nauliza tu, utarudi lini? Naogopa kwamba unaanza kuzoea kuishi bila mimi.

Kuna neno jingine, la kazi. Mwezi wa nane kutakuwa na mashindano makubwa, watakuja Wazungu wa Usumbura na wa Goma. Tereni yetu imezeeka, imepasuka kila pahali kama kisigino. Bwana Sekretere aliniambia mbele ya watu wote: "Isidore, kama mwezi wa munane tereni haiko muzuri, nitatafuta mutu mwingine." Na dawa ya tereni ni moja tu, udongo wa kichuguu. Mchwa wameutafuna mpaka hauna jiwe wala mzizi. Ukilowa unashikana, ukikauka haupasuki. Kichuguu bora nilichowahi kuona ni kile kilicho nyuma ya migomba ya baba yako, kile tulichokuwa tunaketi chini yake nilipokuja kukuposa, mama yako akijifanya anatafuta kuku. Mwombe muzee kwa niaba yangu. Modeste, dereva wa lori, ile kamio ya kahawa, anayekuletea barua hii, amekubali kubeba.

Ni mimi mume wako,
Isidore


Miti, tarehe 2 mwezi wa nne, 1956

Bwana Isidore,

Mimi katekista Philémon ndiye ninayeandika, kwa kuwa mkeo hajui kusoma wala kuandika. Barua yako nilimsomea mara mbili, mbele ya mama yake, mama Cibalonza. Maneno yake ni haya, sikuongeza kitu:

"Bwana yangu, nimepata salamu. Niko muzima. Nguvu inarudi pole pole. Juu ya kurudi, bado. Juu ya kichuguu, usikiguse. Vichuguu iko mingi, chukua kingine. Usimuombe papa yangu. Usitume mutu. Ni ile tu."

Nilimwuliza sababu, ili niandike vizuri. Alijibu: "Andika vile nilisema." Mimi naona ni ukaidi wa huzuni, nao hupita. Kuhusu habari ile ya mbuzi, si vizuri kumsema hivyo mke wa daktari katika barua ambayo mtu wa kanisa ataisoma kwa sauti.

Katekista Philémon,
kwa niaba ya Apolline, aliyetia alama yake hapa: +


Bukavu, tarehe 29 mwezi wa nne, 1956

Mke wangu Apolline,

"Bado" yako nimeibeba wiki nne. Nikiamka iko, nikivuta rulo iko.

Najua sababu, hata kama hukutaka Philémon aiandike. Una hasira nami kwa sababu nilifika siku ya tatu. Sikiliza basi. Siku ile Modeste aliponiletea habari, nilikwenda kwa Bwana Sekretere kofia mkononi, nikaomba ruhusa. Alisema: "Kesho iko mechi." Nikaomba kesho yake. Alisema: "Kesho ingine." Mimi nikatii, nikafagia, machozi yakidondoka kwenye udongo mpaka nikalazimika kufagia tena pale pale. Ningaliacha ufagio na kutembea kwa miguu hadi Miti, ningalifika usiku uleule. Sikufanya. Hilo nalijua na linaniuma, na sina la kujitetea.

Nilipofika mambo yote yalikuwa yamekwisha. Nilimwuliza mama yako mtoto amelazwa wapi, akasema: "Usiulize, utazuia wengine kuja." Nikaacha kuuliza, kama mwanamume anavyotakiwa. Hata kama alikuwa wa kiume au wa kike sijui. Lakini kuuliza si ujinga, na sasa nakuuliza wewe, si mama yako: yuko wapi? Ningependa kujua niangalie upande gani ninapomfikiria. Kwa sasa naangalia ziwani, kwa sababu ndilo lililo mbele yangu.

Udongo nilitafuta kwingine kama ulivyosema. Nilileta wa kichuguu cha Nyantende, nikaujaribu kwenye kona. Una mchanga mwingi, baada ya siku tatu za jua ulifumuka kama ukoko. Sekretere aliupiga teke, akasema siku zangu anazihesabu. Nikikosa kazi nakosa na nyumba ya Kadutu, na ukikubali kurudi utarudi wapi? Nitamwandikia baba yako mimi mwenyewe. Naomba usikasirike zaidi.

Mume wako,
Isidore


Miti, tarehe 20 mwezi wa tano, 1956

Bwana Isidore,

Katekista Philémon anaandika tena, safari hii kwa muzee Adalbert, baba mkwe wako. Anasema hivi:

"Mukwe wangu, barua yako nimesikia. Udongo ni udongo. Kile kichuguu kinanichokesha, mchwa wanakula maharagi yangu kila mwaka. Tuma vijana wako, wachimbe yote mpaka chini, nitapanda mihogo pale. Apolline na mama yake hawako, walienda Minova kwa Virginie, dada yake, alizaa mutoto. Watakaa wiki nne. Neno la pili: mwanamuke hawezi kukaa kwa baba yake siku zote. Nilimuambia, kama mwezi wa kenda unafika na iko hapa, ngombe zako zitarudi kwako na ndoa imekwisha. Sisemi vile kwa ubaya. Nasema kwa sababu watu wananiuliza."

Nilimkumbusha muzee kwamba binti yake alikataza kichuguu kuguswa. Alijibu kwamba shamba ni lake na binti ni wake.

Barua yako ya mwezi wa nne nilimsomea Apolline kabla hajaondoka. Ulipouliza mtoto yuko wapi alinitazama mimi, siyo barua, akasema hana jibu la kuandikisha. Nakwambia kama nilivyoona.

Katekista Philémon


Bukavu, tarehe 17 mwezi wa sita, 1956

Mke wangu Apolline,

Nadhani umerudi kutoka Minova. Mpe Virginie pongezi zangu.

Nimekukosea, naanza na hilo. Ulisema nisikiguse kichuguu na mimi nimekigusa. Baba yako alikubali, na nilijiambia kwamba ukiona nyumba yetu imebaki utanisamehe. Modeste alifanya safari tatu. Vijana walichimba mpaka chini kama muzee alivyotaka, wakautwanga udongo hukohuko kwa vipande vya miti, ukafika hapa tayari kama unga.

Apolline, sijawahi kushika udongo kama huu. Niliuchekecha peke yangu, siku nne, sikutaka mtu mwingine auguse. Unapita kwenye chekeche bila sauti. Ukiuchukua mkononi asubuhi unakuwa na uvuguvugu, wakati kila kitu kingine hapa ni baridi. Niliutandaza, nikaunyunyizia maji kidogo kidogo, nikaupitisha rulo, nikaulowesha tena. Siku ya kumi ulitulia. Sasa mpira ukianguka juu yake unatoa sauti laini, unainuka wenyewe. Jioni ukungu unaposhuka, uwanja unabaki na wekundu wake muda mrefu baada ya milima kuzimika, na mimi nakaa tu kuuangalia, nasahau kula. Wenzangu wananicheka, wanasema Isidore ameoa tereni.

Nikuchekeshe kidogo. Katika chekeche nilikuta kipande cha kitambaa kilicholiwa na mchwa mpaka kimebaki nyuzi, na kifungo kimoja. Mambo ya Miti! Nani anazika shati? Labda muzee alichana la Jumapili akamficha mama Cibalonza. Kitambaa nilikitupa penye majani ya kuchoma. Kifungo nilikishona kwenye shati langu la kazi palipokuwa na pengo, kinafanana na vingine kabisa.

Sekretere alipita leo, akasimama, akasema "Bien." Ni neno moja, "vizuri", lakini katika miaka minne ndilo la kwanza. Kazi imepona. Nyumba ipo. Rudi.

Isidore


Miti, tarehe 8 mwezi wa saba, 1956

Bwana Isidore,

Leo naandika kwa niaba yangu mwenyewe, na mkeo hajui.

Barua yako nilimsomea siku aliyorudi kutoka Minova, yeye na mama Cibalonza, mlangoni kwao. Walikuwa hawajaenda bado nyuma ya migomba. Ulipoandika kwamba kichuguu kimechimbwa, mama Cibalonza alishika kichwa. Nilipofika kwenye kifungo, Apolline alisimama, akaenda. Sikumaliza kusoma. Tangu siku ile hajaniletea neno lolote la kuandika, na mama yake akiniona anageukia pembeni.

Mimi nasoma kilichoandikwa, sisomi mioyo. Lakini nina miaka ishirini katika kazi hii na nakuuliza kama ndugu: kifungo kile ni cha nani? Kama mjini kuna mwanamke anayekushonea mashati, ungama, utubu, tutatafuta namna ya kumwambia mkeo taratibu.

Jambo jingine la ajabu. Tangu Pasaka Apolline anakaa nyuma ya darasa langu la watoto. Nilidhani anamsindikiza mtoto wa jirani. Juzi nikamkuta anaandika herufi kwenye majivu ya jiko kwa kijiti. Nilimpa kibao.

Katekista Philémon


Bukavu, tarehe 15 mwezi wa saba, 1956

Ndugu Philémon, msomee Apolline maneno haya, hata kama yuko jikoni na amekugeuzia mgongo.

Mke wangu, hakuna mwanamke. Kifungo kilitoka udongoni kama nilivyosema, na sindano niliishika mwenyewe, nikajichoma mara mbili. Kama hasira yako ni ya kichuguu, sema. Kama ni ya siku zile tatu, sema. Kunyamaza kwako kunanitia woga kuliko neno lolote baya.

Nalala vibaya. Nikisinzia naota niko kwenye tereni na mtu ananiita kutoka chini, si kwa jina, ananiita tu, na mimi nafagia haraka nimwone lakini udongo hauishi. Asubuhi nakwenda kazini na bado nasikia. Kiangazi kimefika, hewa ina moshi wa mashamba yanayochomwa, ng'ambo ya ziwa haionekani. Siku nzima inapita kama jambo ambalo mtu alinisimulia.

Mashindano ni tarehe kumi na nane na kumi na tisa mwezi wa nane. Baada yake ni mwezi wa tisa, na unajua baba yako alivyosema. Sitaki ng'ombe. Nakutaka wewe.

Isidore


Miti, tarehe 5 mwezi wa munane

Isidore bwana yangu,

Ni mimi naandika. Ni mukono yangu. Philémon haone hii barua. Nimeanza kujifunza juu ya kukuambia neno moja na hili neno limechelewa. Utanisamehe makosa.

Mutoto alikuwa wa kiume. Alikuwa na masikio yako. Alitoka kimya, mwili ukiwa moto bado, mama alimupuliza, alimupiga mugongo, kimya. Tukatuma mutu kwa Philémon. Philémon alisema mwenye hakubatizwa hawezi kulala mu makaburi ya misheni. Alisema kwa upole lakini alisema. Papa hakuuliza, wanaume hawaulizi. Mama alisema kwenye migomba hapana, watu watalima. Tulienda kwenye kichuguu, mama na mimi, nilitembea nikishika ukuta. Tulifungua upande wa jua kutokea. Ndani ilikuwa kavu na ilikuwa na joto. Nilimuvika shati yako ya kazi, ile ya zamani, ulisahau kwetu. Nilitaka asikie harufu ya baba yake.

Siku ya tatu nilirudi kuangalia. Mchwa walikuwa wamefunga mulango wao wenyewe. Nilisema, ni vizuri, wamemupokea.

Siku ile ulifika nilitaka kukuambia. Mama alinikataza. Kisha barua yako ilikuja na mutu wa kuisoma alikuwa Philémon. Ningesemaje kwa kinywa cha Philémon? Nilisema usiguse. Nilifikiri bwana yangu akisikia usiguse hataguse.

Sina hasira ya zile siku tatu. Nilikuwa nayo, ikaisha. Sasa nina hii ingine.

Udongo wote ulienda kwako. Mama na mimi tulitafuta pale siku mbili, hakuna kitu, shimo tu, na papa amepanda mihogo.

Mutoto wetu iko wapi Isidore? Wewe ndiye ulimushika mwisho. Niambie.

Apolline


Bukavu, tarehe 9 mwezi wa nane, 1956

Apolline,

Nimesoma barua yako kwenye benchi. Kwanza niliangalia tu mwandiko, nikafurahi kama mjinga, nikasema mke wangu anaandika. Kisha nikasoma.

Umeniuliza, nitakujibu, na sitakuficha kitu. Vijana walikuwa wameutwanga udongo kabla sijauona. Uliofika kwangu ulikuwa unga. Mkononi mwangu nilipata kitambaa na kifungo tu, hakuna kingine, naapa mbele ya Mungu. Kitambaa nilikichoma pamoja na majani makavu ya mikaratusi. Kifungo ninacho hapa. Nimekikata uzi, nimekifunga ndani ya karatasi, sithubutu kukiangalia. Kilikuwa changu tangu mwanzo na sikukitambua.

Mengine yote yako mbele yangu. Yamesambaa kutoka wavuni hadi mstari wa nyuma, pande zote mbili. Siwezi kusema yuko hapa au pale. Yuko kote. Nimempitisha rulo, Apolline, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilikwambia kwamba udongo ule una uvuguvugu, nikakwambia kwa furaha.

Ulisema usiguse. Ningaliheshimu neno lako bila kuhitaji sababu, tusingalifika hapa. Nilitii neno la Sekretere siku tatu na neno lako sikulitii hata mara moja. Sasa maji yamekwisha kumwagika na mimi ndiye niliyemwaga.

Jana nilichukua jembe, nikasimama katikati ya tereni, nikashindwa hata kulinyanyua. Niuchimbe niupeleke wapi? Nikiuacha, kesho kutwa mashindano yanaanza kuandaliwa, watacheza juu yake. Sijui lililo sawa. Wewe ndiye mama, sema wewe. Ukisema nivunje, nitavunja, hata kama Wazungu wa Usumbura wamesimama na raketi mkononi, na wakinifunga nitafungwa. Ukisema niache, nitaacha. Ukisema hunitaki tena, hilo pia nitalielewa, ingawa sijui nitaishije nalo.

Kila asubuhi niko hapa saa kumi na mbili.

Isidore


Miti, tarehe 21 mwezi wa munane

Isidore,

Sikukujibu kwa sababu nilikuja.

Siku ya posho, Jumamosi, siku ya kwanza ya mashindano, nilipanda kamio ya Modeste na maboga ya mama, kama ninaenda soko. Nilimuuliza mutu njia ya Serkle. Kuna ule ukuta wa miti nyuma ya tereni, na wanawake wanasimama pale kungoja wapishi. Nilisimama na wao. Niliona yote katikati ya majani. Hukuniona.

Nilikuja na maneno mabaya tayari mu kinywa. Nakuambia kweli. Nilitaka nikuite mbele ya bwana zako wote, nilie vile tunalia kwetu, wajue wanakanyaga nini.

Kwanza niliona tereni. Nilifikiri nitaona kitu cha kutisha. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa rangi ya nyuma ya nyumba yetu. Watu wenye nguo nyeupe walikuwa wanakimbia juu yake na mupira ulikuwa unaenda na kurudi, unaenda na kurudi, nikasahau kidogo nilikuja kufanya nini. Wamama pembeni yangu walikuwa wanaufuata na macho pia.

Kisha mwanamuke mumoja wa Kizungu alianguka. Aliinuka, alikuwa anacheka, alikungʼuta nguo yake, vumbi nyekundu ikaanguka. Wewe ulikuwa kwenye kiti cha chini karibu na wavu. Uliinuka. Uliangalia ile vumbi mpaka yote ilifika chini. Hakuna mutu mwingine aliangalia.

Wakati walienda kunywa, Sekretere alikuita: "Isidore, lete rulo, fanya mbio." Nilisikia vile ulimujibu. Ulisema: "Bwana, hapa tunaenda pole pole." Hukupandisha sauti. Alikuangalia, na mimi nilifikiri atakupiga au atakufukuza. Alienda zake. Uliacha rulo pembeni. Ulivua viatu. Ulichukua maji na mukono kutoka mu ndoo na ulinyunyiza, ulinyunyiza, umeinama, vile wanaosha mutoto mudogo mwenye anaogopa maji. Ulizunguka tereni yote vile. Wazungu walikungoja.

Nililia pale kwenye majani lakini haikuwa kile kilio nilikuja nacho. Mwanamuke wa pembeni aliniuliza: "Mama, unalilia nani?" Nikamuambia: "Ule ni bwana yangu." Akasema: "Kumbe iko muzima, unamulilia nini?" Nikaenda. Sikukuita, juu ningekuita nisingemaliza.

Nimefikiri siku tatu njiani na nyumbani. Usivunje. Ukivunja utamutupa mara ya pili. Hapa Miti hakuna kaburi moja watu wanafagia asubuhi na jioni, hata ya padiri.

Sikusamehe yote leo. Itakuja pole pole, nitasamehe nikiwa hapo, si hapa. Jumanne nitakuja na kamio ya asubuhi. Nimemuambia papa aache ngombe zako mahali ziko. Mama analia lakini amenifungia maharagi.

Neno moja tena. Mama anasema mutoto mwenye hakulia hapewi jina. Niliheshimu mama wakati wa kukuficha na tazama. Sitamuheshimu tena kwa hii. Wewe uko baba yake, na hukumuona, na umemushika siku nne mu mikono bila kujua. Umupe jina. Kisha uniandikie mara moja tu kabla ya Jumanne, uniite vile mwanamuke mwenye alizaa anaitwa. Hakuna mutu amewahi kuniita.

Apolline


Bukavu, tarehe 24 mwezi wa nane, 1956

Mama Firmin,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimeketi. Jina nilikuwa nalo tangu juzi, nilikuwa nalisema kimyakimya asubuhi nikifagia, nikiogopa kwamba sina haki. Sikulichukua kwa babu, na kama Philémon ana mtakatifu mwenye jina hilo, si kwake nilikolitoa. Ni lake mwenyewe.

Jumanne nitakungoja barabarani tangu alfajiri. Sikumwomba Sekretere ruhusa, nilimwambia tu kwamba sitakuwepo, kwa sababu mama wa mtoto wangu anarudi nyumbani.

Ni mimi,
Papa Firmin